Mbegu ya Kuombwa Haioti

Mvua ya chwiri, ile ndefu inayoanza mwezi wa tatu, ikishanyesha mara mbili kwetu, watu wote wa boma wanageuza macho upande mmoja. Hawaangalii mawingu, hawaangalii jembe. Wanaangalia mlango wa Mikayi.

Mikayi ni mke wa kwanza. Mimi ni nyachira, mke wa pili. Mume wetu amelala kaburini mbele ya nyumba yake Mikayi miaka kumi na sita sasa, lakini foleni aliyotuacha nayo haijabadilika. Kwetu mbegu haitoki nyumbani ovyo. Lazima mke wa kwanza aitoe yeye, aiweke udongoni kwa mkono wake, ndipo mimi nifuate, ndipo Ochieng mwanawe wa kwanza, ndipo Odhiambo wangu, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Mtu akiruka foleni anajitafutia chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao daktari anapima damu, anapima mkojo, anapima na mfuko wako, na bado haoni kitu.

Sisi ni watu wa Sabato. Mzee wa kanisa letu, Habakuki, amehubiri mara nyingi kwamba haya ni mambo ya giza. Anahubiri vizuri sana. Lakini nenda ukaangalie shamba lake wiki hiyo. Halijaguswa. Anamngoja mama yake mzazi, Perez, ambaye amezeeka na anatembea polepole.

Mimi majina sisahau. Ng'ombe waliokuja kwetu kunioa nitakutajia mmoja mmoja na rangi zao. Mkunga aliyenizalisha Odhiambo aliitwa Sabina, na mbwa aliyemfukuza Sabina mpaka barabarani aliitwa Askari. Lakini jina la Mikayi sitaliandika. Nalijua. Miaka arobaini na nane katika boma moja sikuwahi kuliita, na sitaanza kumkosea adabu leo eti kwa sababu nimepata karatasi. Yeye aliniita kulingana na hali ya hewa. Siku njema nilikuwa Min Odhiambo, mama yake Odhiambo. Siku mbaya nilikuwa Nyachira. Siku mbaya kabisa nilikuwa "yule wa mkono wa kushoto", maana mimi kila kitu nafanya kwa kushoto: kulima, kupakua, kufunga. Aliona nafanya makusudi kumuudhi.

"Hata fundo lako linaangalia nyuma," aliniambia, "kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Sasa, huyu mtu tuliyekuwa tunamngoja alikuwa na haraka kwa kila jambo duniani isipokuwa hilo moja. Alikuwa anakula haraka, anaomba haraka, anagombana haraka na kumaliza kabla wewe hujajua mmeanza. Lakini mvua ikinyesha, anatoka taratibu kama bibi harusi. Anachota udongo, anaunusa. Anaugusa kwa ncha ya ulimi. Anatazama juu, anatema mate, anarudi ndani na kufunga mlango.

"Bado," anasema kutoka ndani.

"Mama, majirani wote wamepanda!" Ochieng analia. Mtu mwenye ndevu nyeupe, analia.

"Waache wapande. Watapanda tena."

Na ukweli lazima niuseme ingawa unaniuma: mara nyingi walipanda tena. Jua lilikuwa linarudi siku nane, linapika mbegu zao udongoni kama njugu kwenye sufuria, na wao wanarudi sokoni kununua nyingine kwa Boke, yule mama Mkuria anayekuja na magunia kutoka Ntimaru. Boke alimpenda Mikayi kwa kumheshimu tu, si kwa biashara, maana Mikayi hakuwahi kununua mbegu kwake. Alikuwa anafika, anachovya mkono ndani ya gunia la maharagwe, anasikiliza yanavyolia yakianguka, halafu anamwambia Boke kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Hii nusu imekufa, dada. Uza ya kupika." Boke alikuwa anacheka, lakini akishaondoka yule, anahamisha gunia upande wa kupika.

Mbegu zake Mikayi zilikaa jikoni, juu ya moshi. Kamba ilitoka ukuta mpaka ukuta, na juu ya kamba vifundo vya vitambaa vimepangwa kama watu kwenye benchi la kanisa. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Mimi mwenye darasa la tatu nilijiona profesa karibu yake. Lakini kila kitambaa alikijua. Kitambaa cha shuka ya kitanda ni managu, ile mboga chungu. Cha gauni la Akinyi, binti yake, ni kunde. Cha shati la mzee ni wimbi, kwa sababu wimbi ndio mbegu ya kufungulia msimu, na alisema mwenye boma lazima ashiriki hata akiwa amekufa. Na cha leso nyekundu ni jogoo.

Jogoo ni ua. Jekundu, nene, limejikunja juu kama upanga wa jogoo kichwani. Kabla yake hakuna mtu aliyepanda maua upande wetu. Maua yalikuwa ya shule na ya ofisi ya chifu. Yeye alipata kichwa kimoja tu kilichokauka, kwenye mazishi fulani, na badala ya kukitupa juu ya kaburi na wenzake alikitia mfukoni. Kutoka hapo akajaza njia yote ya mlangoni kwake. Wageni wakija bomani, hata wageni wangu, hata dada zangu wa tumbo moja Auma na Ludia, walianza kwake. "Loo, Mikayi, haya maua!" Mimi nasimama mlangoni kwangu na chai inapoa.

"Yanaliwa?" mume wetu alimuuliza mwaka wa kwanza.

"Wewe unaliwa?" alimjibu. "Na mbona nakumwagilia?"

Alikuwa na mkono wa kutoa, usinielewe vibaya. Nilipojifungua Odhiambo maziwa ya ng'ombe wake yalikuja kwangu miezi miwili, na nikijaribu kushukuru ananiambia nisimalize pumzi, mtoto anaihitaji. Chumvi, moto, leso ya kuendea kilioni, ukimwomba unapata. Lakini mbegu hapana. Hata mwanawe hakumpa.

"Mbegu ya kuombwa haioti," alisema. "Inakaa chini ya udongo inaona aibu."

"Sasa mtu afanye nini, Mikayi?"

"Ajitafutie."

Nilijitafutia. Nitafika huko.

Kwanza nieleze alivyokuza, kwa sababu watu siku hizi wanamwaga mbegu kama wanawapa kuku chakula. Mbegu ndogo za managu alizichanganya na mchanga wa mtoni ili zisishikane. Nasari yake, kile kitalu cha miche, aliifunika kwa majani ya ndizi, na kila asubuhi alikuwa anainua jani moja anachungulia, kama mama mkwe anayekagua chumba cha bibi harusi. Miche alisema nayo. Ya sukuma wiki aliisema kwa ukali, kwamba sukuma wiki bila ukali inakuwa mvivu. Ya mrenda aliibembeleza. Majogoo hakuwasemesha kabisa. "Wale wanajijua," alisema. Katika kiangazi cha mwezi wa kwanza, udongo ukipasuka mpaka unaweza kupoteza kijiko ndani ya ufa, maji yake ya kuoshea vyombo yalikuwa yanahesabiwa kata kwa kata mpaka kwenye shina. Na vichwa vya majogoo vikikauka, anavikata, anavitia ndani ya mfuko wa mto wa kulalia, anaupiga ule mto kwa mwiko huku anaimba nyimbo za kanisa. Mtu mgeni akipita nje alidhani kuna mtoto anaadhibiwa kwa jina la Bwana.

Sabato ilimsumbua. Siku hiyo hakuna kazi, na kumwagilia ni kazi, hilo alilikubali. Lakini miche haijui siku. Kwa hiyo Jumamosi Mikayi alikuwa ananawa mikono. Ananawa kabla ya kanisa, juu ya nasari. Anarudi, ananawa, juu ya nasari. Ananawa miguu, ananawa uso, anamwita na mjukuu aje anawe. Mara moja Habakuki alikuja kututembelea mchana akamkuta ameinama na birika.

"Dada, leo ni Sabato."

"Karibu, mzee. Njoo unawe."

Akanawa, masikini. Nusu birika. Akanawa pale pale alipoonyeshwa.

Na dhahabu. Wewe unajua kwetu si mbali na Masara, na pale watu wamechimba mpaka ardhi imekuwa kama ungo uliotoboka. Alikuja kijana mmoja, Kevo, amepakwa vumbi mpaka kope, akasema mawe yanaonyesha mshipa wa dhahabu unapita hapa, chini ya njia ya Mikayi, chini ya majogoo. Ochieng macho yakamtoka. Akaanza kusema habari za mabati. Mikayi akamsikiliza Kevo mpaka mwisho, akampa na uji. Halafu akamuuliza, "Hiyo dhahabu, ukishaitoa, mwaka ujao inatoka tena?"

"Hapana, Mathe. Ikitoka imetoka."

"Ina mbegu?"

"Dhahabu? Haina."

"Basi maliza uji."

Kevo akawa mteja wake wa managu. Kila Ijumaa alikuja kununua, na kila Ijumaa alikuwa anaangalia yale maua kwa huzuni, kama mtu anayepita nyumbani kwa mchumba aliyemkataa.

Mimi nilichoka kungoja. Mwaka mmoja nikafikiri kwa akili zangu za darasa la tatu: desturi inasema udongo wa boma. Haijasema sufuria. Nikachukua sufuria mbovu, nikatia udongo niliouomba kwa jirani, nikapanda nyanya ndani, nikaificha uvunguni. Zikaota vizuri. Siku ya tano Mikayi akaingia kwangu kuomba ungo, akasimama, akanusa.

"Nyachira. Chini ya kitanda chako kuna shamba."

"Ni sufuria, Mikayi. Haijagusa udongo wa boma."

"Na sufuria imegusa nini? Hewa?"

Hakupiga kelele. Aliitoa, akaiweka juu ya kigoda katikati ya boma, akawaita wote waje waangalie, akasema hii nyumba sasa ina serikali mbili. Siku tatu ile sufuria ilikaa pale juu. Kuku walikula miche yangu ya nyanya mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo nilipoamua kuiba, ujue nilikuwa na sababu zangu, ingawa sababu haifanyi wizi kuwa kitu kingine.

Mwaka ule mvua ya pili ilianguka Ijumaa. Kila mtu alijua: leo jioni Sabato inaingia, kesho hatapanda, Jumapili alfajiri atatoa mbegu. Nilitaka jogoo. Si wengi, kijiko kimoja tu, niweke mlangoni kwangu ili na mimi mtu aseme "loo". Jumamosi nikashika tumbo, nikajidai linauma. Boma zima likaenda kanisani. Nikaingia jikoni kwake.

Nikashusha kifundo, nikafungua kwenye ungo. Wimbi. Macho yangu yalikuwa yamejaa moshi na dhambi, nikawa nimeshusha kile cha shati la mzee. Nikashusha cha pili, cha leso, nikafungua kando ya kile cha kwanza. Jogoo. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, zinang'aa. Nikachota kijiko. Na hapo nikasikia mtu anakohoa nje. Ni Ochieng, amerudi kuchukua Biblia aliyosahau, mtu ambaye hajawahi kukumbuka Biblia maisha yake yote. Nikarudisha hata za kijiko, nikakusanya mbegu mbio mbio, nikafunga, nikafunga, nikapachika, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mbegu za jogoo nimezifunga ndani ya shati la mzee. Wimbi nimelitia ndani ya leso. Lakini wakati huo sikujua. Nilikuwa kitandani nimeshika tumbo, na safari hii liliuma kweli.

Jumapili alfajiri, giza halijaisha, Mikayi akatoka na kifundo cha shati. Hakuhitaji taa, alikuwa anafungua msimu kwa vidole. Mbegu ndogo na mbegu ndogo, na mikono yake imekauka kwa majembe ya miaka hamsini. Akatupa, akafunika, akaomba, akapiga kigelegele kimoja. Nikapanda mimi. Akapanda Ochieng, akapanda Odhiambo, wakapanda wote.

Baada ya wiki mbili zikaota. Ochieng akasema wimbi la mwaka huu lina majani mapana. Baada ya mwezi akasema labda ni mchicha umeingilia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kuanzia siku ya kumi na tano, na chakula kilikuwa hakipiti. Ukiniona ungesema chira imeshaanza kazi. Halafu asubuhi moja yakainua vichwa, mekundu, yamesimama katikati ya shamba la kwanza la boma kama jogoo mia moja wamepanga kuwika.

Ochieng akakaa chini kabisa. "Mama. Umefungua msimu na maua?"

Wakaja wote. Habakuki akaja. Mama yake, Perez, akaja na fimbo yake. Kila mtu ameshapanda nyuma ya mbegu ambayo si mbegu. Je, msimu umefunguliwa? Je, sisi sote tumeruka foleni bila kujua? Odhiambo akasema tung'oe tuanze upya. Mwingine akasema kuanza upya ni mbaya zaidi, ni kama kumzika mtu mara mbili. Mkewe Ochieng, Risper, alianza kulia akijipima kiuno, akisema gauni limelegea.

Mikayi akaingia jikoni. Nilimwona kupitia mlango amesimama chini ya kamba, ameshika kile kifundo cha leso karibu na macho. Akatoka. Akaangalia watu wote, mmoja mmoja, na mimi nikaangalia miguu yangu.

"Kwani mnalia nini?" akasema. "Nilijua nilichopanda. Kabla tumbo halijala, nini kinakula kwanza?"

Habakuki akaangalia tumbo lake mwenyewe.

"Jicho. Jicho ndilo linalokula kwanza. Mwaka huu nimelilisha kwanza. Mwenye swali?"

Wakarudi mashambani kwao. Na mwaka ule, sijui ni mvua au ni Mungu ana utani wake, tulivuna mpaka maghala yakakataa. Risper akanenepa.

Mwaka uliofuata Mikayi akatangaza kwamba boma letu linafungua na jogoo kwanza, wimbi baadaye. Mwaka wa tatu Perez akamtuma mjukuu kuja kuomba mbegu za jogoo; akanyimwa, akaja mwenyewe, akarudi akaugulia wivu usiku kucha, mwishowe zikaonekana kwake bila mtu kujua zimefikaje. Leo maboma mengi upande wetu yanafungua hivyo. Alikuja mwanafunzi wa chuo, Lynet, na simu ya kurekodi, anauliza desturi hii ya ua jekundu ilianza na mababu gani.

"Wa kale sana," Mikayi akamwambia.

"Na nyekundu inamaanisha nini, Dani?" akauliza, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Inategemea. Waulize wazee." Akageuka kwangu. "Min Odhiambo, wewe unasemaje?"

Nikasema mimi nimeolewa tu hapa. Lynet akaandika na hilo.

Nami miaka yote hiyo nilitaka kumwambia. Nilikuwa najiandaa, nakwenda mpaka mlangoni, na yeye ananiambia, "Umesimama kwenye miche yangu," na mimi narudi.

Mwaka huu presha ilimwangusha. Upande wake wote wa kulia ukafa, mkono na mguu. Akinyi binti yake akampeleka Homa Bay, karibu na hospitali, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya pili. Na mwezi wa tatu ukafika, na mvua ikanyesha mara mbili, na watu wakageuka kuangalia mlango, na mlango umefungwa kwa kufuli.

Boma likagawanyika. Odhiambo akasema tupande, Mungu anaelewa. Ochieng akasema kupanda wakati mama yupo hai ni kumzika kwa jembe. Hawakusalimiana siku nne. Mvua ya tatu ikanyesha. Udongo ukawa tayari, na nikajua tukikosa wiki hii, boma lote litanunua unga mpaka mwaka ujao. Na nilijua kitu kingine pia, kwamba mtu akishaanza kupandiwa na wengine, kitandani kwake anasikia.

Nikachukua karai. Nikachota udongo wa shamba la kwanza, pale pale anapoanzia, nikaufunika kwa majani ya ndizi. Nikashusha kifundo cha leso bila kukifungua. Nikaenda Homa Bay.

Kwenye geti la ploti askari alinizuia. "Mathe, umebeba nini?"

"Shamba."

"Shamba?"

"Sogea kijana, msimu unapita."

Mikayi alikuwa amelala uso kwa dirisha, ziwa linaonekana kule chini kati ya mabati. Amekuwa mdogo. Mdomo umevutwa upande mmoja, lakini ulimi, naapa, haukuguswa.

"Umechelewa," akasema. "Mvua ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Na mnangoja nini?"

"Wewe."

Akafunga macho kidogo. Halafu akasema nimsogezee hilo karai. Akinyi akamwinua, tukaliweka mapajani mwake juu ya gazeti. Akachota udongo kwa mkono wa kushoto, akaunusa, akaugusa kwa ulimi. Akinyi akasema, "Mama, daktari amekataza!" Mikayi akamjibu daktari alikataza chumvi, hakutaja udongo wa kwetu Migori.

"Tayari," akasema.

Nilimfungulia kifundo. Akachota mbegu kwa ule ule mkono wa kushoto, zikatetemeka zikamwagika, nyingine kwenye shuka, nyingine kwenye mkono wangu, nyingine kwenye karai. Akafunika kwa kidole kimoja. Akaomba, haraka kama kawaida yake. Kigelegele kilikataa kutoka kwa ule mdomo, kikatoka upepo tu, basi mimi na Akinyi tukampigia, na jirani wa chini akagonga dari.

Nikampigia Ochieng. "Ametoa mbegu. Nimeshafuata na yangu moja hapa kwenye ukingo wa karai. Pandeni. Anza wewe, halafu mpe mwenzako salamu." Nikasikia anavuta kamasi, mzee mzima, halafu nikasikia anapiga kelele boma zima lisikie.

Zilibaki mbegu kidogo kwenye kitambaa. Mikayi akanikataza nisifunge. Akafunga mwenyewe, kwa kushoto na meno. Ilichukua muda mpaka chai ya Akinyi ikaletwa na ikapoa. Alipomaliza akalinyanyua lile fundo kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama.

"Ona," akasema. "Linaangalia nyuma."

"Ni mkono wa kushoto, Mikayi. Utazoea."

"Limetoka kama lako."

"Langu lipi?"

"Lile la wimbi."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini.

"Kulikuwa na mtu mmoja tu bomani anayefunga hivi," akasema. "Nilisimama pale jikoni nikasema leo namvunja yule mtu mkono. Nikatoka nje nivunje. Halafu nikayaangalia. Yalikuwa mekundu sana."

"Na mbona hukusema? Miaka yote hii nakonda?"

"Hukukonda. Ningesema, ungeacha kuiba. Ungekuja kuomba." Akapumua. "Na ya kuombwa haioti."

Akanyoosha mkono, akakiweka kile kifundo kwenye ukingo wa dirisha, upande wangu, karibu na mkoba wangu. Akinyi alikuwa ametoka kurudisha vikombe. Mikayi akageuza uso ukutani, akavuta shuka mpaka sikioni.

"Mimi nalala, Min Odhiambo," akasema. "Sioni kitu."

Akaanza kukoroma. Miaka arobaini na nane nimelala jirani na huyu mtu, naujua mkoromo wake, na huo haukuwa wenyewe.

Nikaiba.